Kadi ya Belyse na Printa Isiyo na Kelele

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Leo nimeamua. Printa ya zamani inaondoka.

Nimeishi nayo tangu tuliporudi kutoka ukimbizini Karagwe. Tulirudi na magodoro, kompyuta na printa hiyo, na mama mkwe akauliza kwa nini hatukuleta mbuzi. Mke wangu Iribagiza anaiita Bi Mkubwa. Ni printa ya kugonga: kichwa chake chenye sindano kinakimbia huku na huku, kinapiga utepe wa wino, na herufi zinatoka kwa vinukta. Utepe ukikauka naupaka wino wa mihuri. Karatasi zake zimeungana kama mkeka mrefu na zina matundu pembeni. Nikichapa barua ya mtu mmoja, mtaa wetu wote wa Nengo unajua nina mteja.

Nililiona hilo kuwa tangazo la bure. Sasa mambo yamebadilika. Belyse, binti wa jirani yetu Xavérine, anaolewa. Mchumba wake, Kwizera, ni wa Bugeshi, kule juu kwenye viazi na ng'ombe. Barabara ya huko siku hizi, baada ya vita, inapitika bila wasiwasi na watu wameanza kuoana tena. Jumamosi ya tarehe 14 watu wa Bugeshi watashuka kuja kumwomba msichana rasmi. Baba yake Belyse alifariki zamani, kwa hiyo Xavérine ndiye atakayechagua msemaji wa wenyeji. Huyo ndiye anayekaa mbele, anajifanya hajui wageni wamefuata nini, anawakatalia kwa maneno matamu mpaka watoke jasho, kisha anakubali na kuulizia ng'ombe.

Nataka kuwa mtu huyo. Nataka sana. Tulipofika mjini hapa hatukuwa na hata chungu, na Xavérine ndiye aliyetuletea sufuria la kwanza, likiwa na maharagwe ndani. Ningependa siku moja nisimame mbele ya watu kwa ajili yake. Pia nisingependa asimame Valens.

Valens ana chumba cha kuchapia karibu na soko. Ana kompyuta, lakini printa yake ya kurusha wino imekauka tangu Pasaka, anahangaika na taipureta. Amekulia Goma, anaongea kama maji yanavyoteremka, na anajua kusifu ng'ombe hata ambaye hajamwona. Mimi Kinyarwanda changu nilikipata kwa mama, ugenini. Kikiniishia naziba pengo kwa Kiswahili na kukohoa.

Mpango wangu ni printa ya leza. Kimya, safi, ya kisasa. Mtu mwenye leza nyumbani kwake hakalishwi viti vya nyuma.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeuza baiskeli.

Iribagiza aliuliza karatasi zitabebwa na nini kutoka sokoni. Nikamweleza kwamba mtu mwenye leza hafuati karatasi, karatasi zinamfuata. Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Nilikwenda kwa Xavérine na ile pesa. Anavuka mpaka kwenda Goma kila siku na vitambaa na sabuni, na anamjua kila mtu pande zote mbili. Aliwahi kutaja ofisi moja ya huko inayofungwa na kuuza vyombo vyake. Nikampa maelekezo: printa ifungwe kwenye kitenge, iwekwe chini ya kabichi, na yeye apite saa ya chakula cha mchana, maofisa wakiwa wamelegea. Nilimchorea na ramani ya barrière, kizuizi cha mpakani, ambayo anaipita kila siku ya Mungu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Bon, Papa Rwema, nitakuletea. Lakini usinipangie njia.” Rwema ni mwanetu, yuko Byumba kwa shangazi yake. Angekuwapo angeniunga mkono.

Nilipokuwa natoka nilidokeza kwamba sauti yangu siku hizi iko vizuri. Xavérine alishauri ninywe chai ya tangawizi, akidhani nina mafua.

Ijumaa, 6 Agosti

Imefika! Nyeupe, nzito, mpole. Iribagiza amekwisha kuibatiza Bi Mdogo. Anasema nimemletea mke mwenza asiye na mdomo na kwamba haoni la kulalamika.

Xavérine hakufuata hata neno moja la mpango wangu. Aliipitisha mchana kweupe, juu ya kichwa cha mbebaji, akaiandikisha forodhani na kulipa inavyotakiwa. Kilichomuudhi ni makaratasi. “Bale ba douane,” alisema, “banaomba papier moja na copies mbili. Zote sawasawa, na kaboni. Kama copy haiko, unarudi kwenu.” Ilibidi aende kwa Valens akapigiwe taipureta. Nilimpa pole, ila sikuona jambo hilo linanihusu nini.

Kuhusu Bi Mdogo mwenyewe. Unaiwasha, inavuta pumzi, inapata moto, na karatasi inatoka kavu, ina joto kama chapati, na herufi zake ni nyeusi tii. Nilichapa jina langu. Nikalichapa tena kwa herufi kubwa.

Dosari ni moja, ndogo. Ikianza kupata moto, taa za nyumba zinafifia, na za Xavérine pia, maana waya wetu ni mmoja. Redio yake ilinyamaza katikati ya matangazo ya vifo. Alikuja mlangoni kuuliza ni nani aliyekufa. Nikamwambia sijui, akarudi akiwa hajatulia.

Iribagiza naye kasema jambo la ajabu. Eti atazikosa kelele. Bi Mkubwa akipiga kelele alijua nafanya kazi; nyumba ikiwa kimya alijua nina mpango. Sasa hatajua lipi ni lipi.

Jumapili, 8 Agosti

Siku mbaya.

Baada ya misa Xavérine alitukusanya kwake, majirani na ndugu. Chai, maandazi, kila mtu ametulia. Nilivaa koti. Nilikuwa nimeweka mfukoni karatasi ya leza yenye hotuba, ili aione kwa bahati.

Amemchagua Valens.

Alisema kwa upole, mbele ya watu, kwamba wazee wa Bugeshi wana ulimi mgumu na Valens amekwisha kukutana na watu wa namna hiyo. Valens akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao siuamini. Mimi nimepewa kazi ya kuchapa kadi za harusi, ile ya kanisani ya tarehe 28, na kiti cha pili mbele, pembeni ya Valens. Kiti cha pili ni cha kushika glasi ya wa kwanza.

Kisha akanigeukia mimi hasa. “Makadi ingojee kwanza, Papa Rwema. Batu ba Bugeshi bafike, baombe mutoto. Kisha ndiyo utachapa.” Akaeleza kwa ajili ya vijana, ingawa alikuwa ananitazama mimi: nyumba ya msichana ikitangaza harusi kabla msichana hajaombwa, ni kama imembeba na kwenda kumtupa mlangoni kwa watu. Kila mtu alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilitikisa kuliko wote.

Nimeumia, sitaficha. Iribagiza aliniwekea maziwa na hakunitania, jambo ambalo kwake ni huruma kubwa.

Lakini wakati nakunywa maziwa nilipata wazo. Msemaji anahitaji nini? Sauti. Na ni kitu gani katika mji huu kinachoua sauti ya mtu kuliko vyote? Nilipokuwa nafanya kazi na Bi Mkubwa, kila mteja nilikuwa nazungumza naye kwa kupiga ukelele. Jioni nilikuwa nabaki na sauti ya chura.

Nitampa Valens zawadi.

Jumanne, 10 Agosti

Nimempelekea Valens Bi Mkubwa. Kwa kichwa changu mwenyewe, kwa kuwa baiskeli haipo. Njia nzima kutoka Nengo mpaka sokoni watu walinisalimia kwa pole, wakidhani nimehamishwa.

Nilimwambia Valens kwamba sisi ni majirani wa kazi moja, kwamba mimi sasa nina leza, na kwamba ningefurahi kumwona akifanikiwa. Uso wake ulichangamka kabisa. Hakushuku lolote. “Merci sana, muzee,” alisema, akaifuta vumbi kwa kiganja. “Iko nzito, lakini iko muzuri. Hii ni mashine ya kazi.” Alitaka kunipa kitu, nikakataa. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Niliunganisha waya mimi mwenyewe, nikaiwasha, nikachapa ukurasa wa majaribio. Muuza nyanya wa jirani aliziba masikio. Valens akaniuliza kitu, sikumsikia, akarudia kwa sauti kubwa. Ndiyo, nilijisemea. Endelea hivyo hivyo mpaka Jumamosi.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilimsimulia Iribagiza habari ya zawadi, bila sababu yake. Alisema nimefanya jambo jema. Ilinikera kidogo kusifiwa kwa jambo ambalo sikulifanya.

Alhamisi, 12 Agosti

Hakuna mteja.

Hapana, wamekuja. Wameondoka. Asubuhi alikuja mfanyabiashara wa viazi anayevusha magunia kwenda Goma. Anataka karatasi ya forodha na nakala mbili za kaboni. Nikamwonyesha Bi Mdogo, nikamchapia karatasi tatu safi zinazofanana. Akazigeuza nyuma, akapapasa kwa kidole. Akasema hizi si nakala, hizi ni karatasi tatu. Nakala ni ile inayozaliwa pamoja na mama yake, kwa pigo moja, na mgongoni unaisikia. Bila hivyo pale barrière wanaamini umebadilisha namba nyumbani. Alinishukuru, akaondoka na magunia yake.

Akaja mama wa mkaa. Hivyo hivyo. Wakaja watu wa ghala la sabuni. Hivyo hivyo.

Nilikaa nikafikiri. Bi Mdogo haigongi. Inapaka unga na kuukaanga. Kwa hiyo nikaweka karatasi ya kaboni katikati ya karatasi mbili, nikazisukuma zote kwa pamoja ndani. Taa zikafifia. Ikatoka harufu ya mshumaa na sufuria lililoungua. Xavérine akabisha mlango kuuliza habari za redio yake. Nilivuta kaboni kutoka tumboni mwa mashine kipande kwa kipande, na mpaka sasa vidole vyangu ni vya buluu. Bi Mdogo amepona, ila kila ukurasa sasa unatoka na kivuli pembeni.

Nikaenda kumpeleleza Valens. Foleni! Foleni inazunguka kibanda cha nyanya. Bi Mkubwa anaunguruma, kaboni zinatoka tatu tatu, na Valens amesimama mlangoni akiita majina ya watu kwa sauti inayofika ziwani. Sauti haijafa. Imekomaa. Alikuwa kama mtu anayefanya mazoezi, na mimi ndiye niliyemnunulia uwanja. Aliponiona aliwaambia watu wote wanipishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyempa mashine. Walinipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Lazima nitafute wateja mahali ambapo Valens hajafika. Nimekumbuka Bugeshi. Kule juu kuna watu wazito, wana harusi, hawana leza. Na mkubwa wao ni mzee Niyonzima, baba mkubwa wa Kwizera, ambaye ndiye atakayesema kwa niaba ya wageni Jumamosi. Akiona kazi yangu kwa macho yake, Bugeshi yote ni yangu.

Xavérine alisema kadi zingoje, yaani zisisambazwe. Kadi moja si kusambaza. Ni sampuli. Nimechapa moja tu, nzuri, yenye maua pembeni, inayosema familia ya Xavérine ina furaha ya kuwaalika kwenye ndoa ya binti yao Belyse na Kwizera, tarehe 28 Agosti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za heshima: Imechapwa kwa leza, kwa Kabera, Nengo. Nimempa dereva wa lori la viazi linalopanda leo. Kivuli cha pembeni hakionekani sana ukiishika kwa mbali.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku hii sitaisahau.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Mahema mawili uani kwa Xavérine, viti vya kanisa, vibuyu vya pombe ya ndizi. Belyse amefichwa ndani na shangazi zake kama inavyotakiwa. Mimi koti, kiti cha pili. Valens kiti cha kwanza, sauti kama tarumbeta.

Watu wa Bugeshi walishuka kwa malori mawili. Mzee Niyonzima alitangulia, kofia, fimbo, koti zito la baridi ya kwao. Aliketi akatutazama mmoja mmoja bila haraka. Valens akaanza vizuri. Aliwauliza kama wamepotea njia, kama lori limeharibika, kama wametafuta soko la viazi wakafika hapa kwa bahati mbaya. Watu walicheka. Nilianza kufurahi, hata kwa ajili yake.

Kisha mzee Niyonzima akasimama. Akasema wao walikuwa wamepanga kuja kuomba msichana. Walikuwa wamechagua hata ng'ombe. Lakini juzi, wakiwa wanafunga virago, lori la viazi liliwaletea karatasi.

Akaingiza mkono ndani ya koti.

Nilijua kabla haijatoka. Aliinyanyua kadi juu ili watu wote waone maua. Akasema: tulikuwa tunakuja kuomba, kumbe tumekwisha kupewa, na tarehe tumepangiwa. Nyumba hii ni ya ukarimu mkubwa. Basi ng'ombe tumemrudisha malishoni, kwa sababu mtu halipii alichotupiwa mlangoni.

Upande wa wageni wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Wazee wawili nyuma yake walikuwa wameshika fimbo zao kama watu walio tayari kuondoka. Nilimtazama Xavérine. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejizuia asilie mbele ya watu. Mwanamke huyu alilea binti peke yake, akivuka ule mpaka mvua na jua, ili siku hii asimame na heshima yake. Na mimi nilikuwa nimempelekea mzee karatasi yenye jina langu.

Niliona aibu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilifikiri kusimama na kusema ni mimi. Nilifungua mdomo, Kinyarwanda kikaniishia, nikakohoa.

Valens aliomba aletewe kadi. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaisoma yote, na najua alisoma mpaka chini, kwa sababu macho yake yalisimama pale kidogo. Hakunigeukia. Hakutaja jina. Aliigeuza kadi, akapapasa mgongo wake kwa kidole, polepole, hadharani.

Akamwuliza mzee Niyonzima, kwa adabu zote, akivusha viazi kwenda Goma pale barrière anadaiwa nini. Mzee akasema, karatasi na nakala zake. Na kama nakala haipo? Mzee akasita. Watu walikuwa wameanza kuelewa, minong'ono ilianza nyuma. Akasema, wanakurudisha kwenu.

Basi, Valens akasema, karatasi hii haina nakala. Papaseni wenyewe, mgongo wake ni laini kama shavu la mtoto. Sisi watu wa mpakani tunajua kwamba karatasi isiyo na nakala haijavuka. Haijatoka hata nyumbani. Hii ni karatasi iliyotoroka, na tunawashukuru wageni wetu kwa kuirudisha kwa mwenyewe. Akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Halafu akaketi na kuuliza, kana kwamba hakuna lililotokea: “Enhe, mlikuwa mnasema mmepotea njia?”

Mzee mmoja wa nyuma, mmoja wa wale walioshika fimbo, aligonga fimbo yake chini na kucheka mpaka kofia ikadondoka. Uani kote pakalipuka. Niyonzima naye alicheka, akafuta macho, akasema kama ni hivyo hana namna, itabidi aombe. Na akaomba, vizuri sana, kwa muda mrefu. Valens akamkatalia, kwa muda mrefu zaidi. Mwisho Belyse alitolewa, na Xavérine alipomwona binti yake akipita katikati ya watu alilia waziwazi, na hakujizuia tena.

Vijana walipotumwa kwenda kumwangalia ng'ombe, walirudi upesi mno. Hakuwa malishoni Bugeshi. Alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba yangu, akila maharagwe ya Iribagiza.

Iribagiza alijua tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyewaonyesha mahali pa kumfunga. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, akaniacha nife mara nyingi pale kwenye kiti. Alijibu kwamba mzee Niyonzima alikuwa amemwachia mchunga ng'ombe agizo: jibu likiwa zuri, ng'ombe abaki, likiwa la kiburi, apandishwe lori. Kwa hiyo na yeye hakujua mwisho wake. Alisema alikuwa amesimama uani kwetu na kamba mkononi, anasikiliza, na anaomba Mungu mimi nisiseme kitu.

Jumapili, 15 Agosti

Nilikwenda kwa Xavérine baada ya misa. Nilimwambia ni mimi. Alisema anajua; jina langu lilikuwa limeandikwa chini.

Alinimiminia chai. Akasema jana jioni, wageni walipoondoka, alitaka kuja kunipigia kelele mlangoni mpaka Nengo yote isikie. Halafu alifika uani kwake akaona viti vimepangwa, na mtoto wake ameombwa, na ng'ombe yupo, hasira ikamwishia njiani. “Sasa baliomba,” alisema. “Sasa ndiyo unaweza kuchapa. Lakini uandike tu ile mi nakuambia. Usiongeze kitu.”

Niliahidi. Nilimaanisha kila neno. Nilimwambia pia kwamba lile sufuria la kwanza bado tunalo. Aliangalia pembeni, akaniongezea sukari.

Valens naye alipita kwangu, akanirudishia kadi, imekunjwa. Hakutaka shukrani. Akatoa pendekezo: karatasi za mpakani zibaki kwake na Bi Mkubwa, na kila anayetaka barua safi, cheti au kadi, amlete kwangu. Hivyo tusigombee mteja. Nilikubali kwa heshima. Ni wazi kwamba ameshindwa na leza na anatafuta amani.

Jumatano, 18 Agosti

Kadi ziko tayari! Nzuri mno. Nilimsafisha Bi Mdogo kwa kitambaa kikavu mpaka kivuli cha kaboni kikaondoka. Nilimwarifu Xavérine kila nilipotaka kuchapa, ili azime redio kwa wakati. Maneno ni yake yote, sikuongeza nukta kwenye kadi. Alikuja kuziona asubuhi, akashika moja, akalisoma jina la mtoto wake kwa kidole. Akasema, “Iko muzuri, Papa Rwema. Iko muzuri kabisa.” Iribagiza alinishika bega. Kwa siku nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

Nimefikiri sana juu ya mambo ya Jumamosi na nadhani nimeyaelewa. Kama si leza, karatasi ile ingekuwa na nakala. Ingekuwa na nakala, Valens asingekuwa na jibu. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, ni mimi niliyeiokoa ndoa ile, ingawa watu hawajaliona bado na sitawasukuma.

Sasa linabaki jambo la tarehe 28. Baada ya kanisa kuna sherehe ukumbini, na sherehe inahitaji mtu wa kushika kipaza sauti, kukaribisha wageni na kusema maneno mafupi ya busara. Si msemaji, hapana. Mshereheshaji. Bugeshi wote wananifahamu kwa sura, maana nilikuwa kiti cha pili mbele, na Valens kafungwa na foleni zake.

Kadi sikuigusa, kama nilivyoahidi. Ila karatasi ya ratiba ya sherehe ni kitu kingine, na juu yake Xavérine hakusema lolote. Nimeichapa leo mchana, taa zikafifia kidogo tu. Imepangwa vizuri sana: kuingia kwa maharusi, maombi, chakula, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, Mshereheshaji: Kabera wa Nengo. Xavérine bado hajaniomba, lakini ataniomba.

Ratiba moja, kama sampuli, nimempa dereva wa lori la viazi.